Mdogo Wangu Kifungo

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Mwalimu wa lugha amechagua insha yangu, "Nidhamu Huanzia Nyumbani." Ijumaa ni Siku ya Wazazi na mwandishi ataisoma mwenyewe jukwaani, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Yaani nitaaibika, halafu nitatafsiriwa.

Niliandika vizuri kwa sababu nilijua hakuna atakayenitazama nikiandika. Mwaka jana niliambiwa niseme "karibuni wageni" tu. Maneno mawili. Yakatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Nikakimbilia chooni na sikutoka mpaka wageni walipoondoka. Hadi leo darasani wananiita Bawaba.

Nilirudi nyumbani nikitaka kumweleza shangazi, ambaye ninaishi naye. Hakunisikia. Alikuwa anampulizia Kifungo chakula kisimuunguze. Kifungo ni mbwa wake. Shangazi ni fundi cherehani, kwa hiyo kwake kifungo ni cha shati. Kwangu ni cha jela. Mimi ndiye ninayempiga mswaki, mimi ndiye ninayemfuta miguu akitoka nje, kwa taulo nne. Taulo moja kila mguu, asije akajiambukiza mwenyewe. Feni yetu ni moja na inamtazama yeye.

Kuku wa leo: Kifungo kidari, bila ngozi. Mimi shingo. Nilipoitazama ile shingo kwa muda, shangazi akaniambia niache kumwonea wivu mdogo wangu.

Mdogo wangu. Ndivyo anavyomwita tangu siku alipomleta ndani ya kikapu cha nyuzi.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi wa mang'amung'amu. Niliota nimepanda jukwaani na shule nzima ina masikio makubwa.

Asubuhi Kifungo alipiga chafya mara mbili. Shangazi akachelewa kufungua duka ili amfunge flana kifuani. Nilikuwa nimeshika pini huku yeye akipima. Hapo wazo likanijia.

Saa nne nikaingia ofisi ya walimu. Nikamwambia mwalimu wa lugha kwamba mdogo wangu anaumwa, na Ijumaa itabidi nibaki kumwangalia.

Sasa uongo uko wapi hapo? Kiswahili kina huruma. Mtu anaumwa, mbwa anaumwa, wote wanaumwa sawasawa. Tatizo ofisini tunatakiwa kujizoeza Kiingereza, na mwalimu akageuza lugha, akauliza mgonjwa ni kaka au dada. Jasho likanitoka hadi nyuma ya magoti. Kiingereza ni kama askari wa getini, kila kiumbe lazima kionyeshe kitambulisho. Nikajibu kwamba ni wa kiume. Hiyo nayo ni kweli.

Akauliza anasumbuliwa na nini. Nikasema kifua, na hagusi chakula isipokuwa kidari. Mwalimu akanishika bega. Macho yake yakalowa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Sikujiandaa kwa macho.

Jumatano, 5 Machi

Nimepona jukwaa, nimepata ugonjwa mwingine. Unaitwa Kipaza.

Kipaza ni yule msichana wa dawati la mbele ambaye akinong'ona, wapishi wa shule wanageuka. Alilitaka jukwaa tangu Jumatatu. Leo mwalimu alitangaza kwamba nina mgonjwa nyumbani, kwa hiyo Kipaza atasoma badala yangu. Nilikuwa naanza kupumua. Kipaza mwenyewe akasimama, akauliza mbona kwenye insha ya mwezi uliopita niliandika kwamba nyumbani tuko wawili tu, mimi na shangazi.

Nikasema watu tuko wawili, ndiyo, ila na mdogo yupo. Akauliza anasoma shule gani. Hajaanza shule. Kwani ana miaka mingapi? Mitatu. Kweli tupu.

Kusikia mitatu, darasa zima likalainika. Wakamtengenezea mtoto kadi. Sahihi arubaini na jua lenye meno. Nikanyoosha mkono kuipokea, Kipaza akaikumbatia. Alisema kadi ya mgonjwa haipelekwi na muuguzi wake. Ataileta yeye na mwalimu, kesho saa kumi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ni dakika saba kwa miguu, kutoka shuleni hadi kwetu.

Jioni nikafanya mpango. Kifungo kitandani kwangu, blanketi hadi masikioni, mapazia chini. Nitasema amelala, na daktari amekataza kelele. Nikamfanyisha mazoezi. Alifurahi mno, hajawahi kuruhusiwa kwenye kitanda changu. (Ana chake, chenye godoro nene kuliko langu.)

Shangazi akanikuta ninamfunika. Akasimama mlangoni na kujifuta jicho kwa futi ya kupimia. Alisema hatimaye nimepata moyo wa dada. Kisha akatoa koti jipya alilomshonea, zambarau lenye maua ya njano, na bitana ndani. Ni mabaki ya gauni la mteja mmoja msumbufu aliyejaribisha mara tatu. Mteja huyo alitoka na gauni lake jana, baada ya kumwapisha shangazi kwamba hakuna mtu mwingine atakayevaa kitambaa hicho. Shangazi akaapa. Hakuna mtu.

Sisi ni ukoo wa wakweli.

Alhamisi, 6 Machi

Ninaandika nikiwa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Hapa ndipo ninapofikiria vizuri.

Saa kumi kamili walibisha hodi. Nilipanga nifungue mimi. Shangazi akanitangulia, akiwa na pini mdomoni. Mwalimu akashangaa, kumbe fundi wake ndiye shangazi yangu! Yule mteja msumbufu ni mwalimu wetu. Damu yangu ilishuka yote miguuni, ikakaa huko.

Nilijua kitandani nimemlaza nani, na nilijua amevaa nini.

Mwalimu akampa pole ya mgonjwa. Shangazi akaipokea kama aliyekuwa akiisubiri maisha yake yote. "Asante mwalimu. Leo afadhali kidogo. Jana alikesha ananitazama tu."

"Maskini. Na chakula?"

"Mpaka nimlishe kwa mkono. Na choo ndiyo hivyo, mpaka umzungushe bustani nzima."

Mwalimu akasita kidogo, akasema watoto wa siku hizi wana tabia zao. Shangazi akakubali kabisa. Alisema na huyu amezidi, ukimwacha peke yake anatafuna viatu. Kipaza alikuwa ananiangalia mimi, si wao.

Chumbani giza. Mwalimu akatembea kwa vidole, akaweka kadi kwenye mto. Nilianza kuamini. Ndipo Kipaza akanong'ona, "Ugua pole, mdogo wetu."

Kifungo anapenda sauti kubwa. Blanketi likaanza kupiga makofi upande wa chini. Kisha likainuka, likaanguka, na mgonjwa akasimama katikati ya kitanda na koti lake la zambarau, maua ya njano, vifungo vitano vilivyofunikwa kitambaa.

Mwalimu hakuwa anamwangalia mbwa. Alikuwa anaangalia kitambaa.

"Fundi. Uliniapia."

"Niliapa mtu, mwalimu," shangazi akasema haraka. "Huyu si mtu."

Alipokisikia alichosema, akamziba Kifungo masikio yote mawili na kumwomba radhi. Miaka mitatu hajawahi kutamka neno hilo ndani ya nyumba hii. Lakini lilishatoka. Mwalimu akageuka, taratibu sana, akaniangalia mimi.

"Kumbe si mtu."

Nikajaribu kueleza habari za sarufi. Sauti ikatoka ile ya mlango. Kipaza alicheka hadi akakaa sakafuni. Mwalimu hakucheka. Alisema jana alikosa usingizi kwa ajili ya mdogo wangu huyu. Afadhali angenichapa makofi. Halafu akasema kesho nitasoma mimi, lugha zote mbili. Kadi ibaki, watoto wameweka sahihi kwa moyo.

Wakiwa mlangoni shangazi akauliza kama na mdogo anakaribishwa Siku ya Wazazi. Mwalimu akafumba macho. Akasema mbele kuna viti vya familia.

Ijumaa, 7 Machi

Nilitapika mara moja nyumbani na mara moja shuleni, nyuma ya tangi la maji.

Mwalimu alikuja na gauni lake la zamani la bluu. Kifungo alikuja na zambarau. Alikaa kiti cha mbele, shangazi akimpepea kwa ratiba ya sherehe. Mzazi wa kiti cha pili alihama.

Nikapanda. Karatasi ilikuwa inatetemeka hata sikuona herufi. Nikafungua mdomo: bawaba. Watu wakaanza kugunaguna. Nikatazama mlango wa choo, nikapima umbali.

Kifungo akabweka. Ile sauti yangu ya mlango, kwake maana yake ni kwamba shangazi amerudi nyumbani. Watu wakacheka, lakini walimcheka yeye. Nikasoma sentensi moja. Nikanyamaza. Akabweka tena, kama anayedai kidari. Nikasoma nyingine. Nikaacha kuwaangalia wengine wote, nikamsomea yeye tu, na kwake sijawahi kuona haya. Kiingereza nacho kikapita hivyo hivyo. Nilipofika "nidhamu huanzia nyumbani" alikuwa amepanda mapajani kwa mwalimu mkuu na anatafuna tai yake. Shangazi alikuwa analia kwa fahari, sijui kwa ajili ya nani kati yetu.

Makofi. Mengi. Hata Kipaza alipiga, kwa sauti yake ya kawaida.

Baadaye nikamwendea mwalimu kumwomba msamaha. Aliniambia uongo wangu ulikuwa na sarufi safi, na hicho ndicho kilichomuuma. Kisha akatabasamu kidogo. Akasema sasa imethibitika kwamba ninaweza, kwa hiyo ameandikisha jina langu kwenye mashindano ya shule zote. Mwezi wa tano, mwanzoni. Watu mia nane. Mbwa hawaruhusiwi.

Nikatazama tena mlango wa choo.

Jumamosi, 8 Machi

Sijalala. Mia nane. Ukizidisha kwa mbili ni masikio elfu moja na mia sita.

Nimeapa sitadanganya tena. Nimewaza yale macho ya mwalimu, nimeona haya kweli kweli, nimekata shauri la kujizoeza kila siku mbele ya kioo. Hiyo ilikuwa saa moja asubuhi.

Saa tatu shangazi akaniita. Kifungo ameshakuwa mkubwa, anamtafutia mchumba. Kuna mteja wake ana jike zuri, tabia njema, halali nje. Harusi ni wiki hii, na nguo ya bibi harusi imeshakatwa.

Kwa hiyo ninapata wifi.

Nimetazama kalenda. Mbwa hubeba mimba kama miezi miwili. Mwezi wa tano, mwanzoni, wifi yangu atakuwa anajifungua, tena mimba yake ya kwanza, na hapa nyumbani hakuna mwingine wa kumwangalia.

Barua nimeshaiandika. Kwa Kiswahili tu.