Nukta Nyekundu ya Bibi Ndelilio

Mtu anayekwenda kwa fundi akiwa amebeba waya mmoja ndani ya kanga, kwa uangalifu ule ambao wengine humbebea kifaranga mgonjwa, hahitaji kujieleza. Rodrick alimwona mama huyo akiwa bado ng'ambo ya barabara, karibu na soko kuu la Moshi. Papo hapo alifunga mchezo wa karata uliokuwa kwenye kompyuta yake ya mkononi, akavaa miwani ambayo macho yake hayakuihitaji, akawa injinia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa kompyuta?"

"Mafundi wako kule wanakoshona viatu, Bibi. Mimi ni injinia wa mifumo."

"Haya, injinia. Huu waya unaumwa?"

Rodrick aliupokea waya, akaunusa, akafumba macho kama mwonja kahawa. "Waya ni mzima. Mgonjwa yuko nyumbani."

Bibi Ndelilio wa Machame alishusha pumzi, akaeleza yote. Nyumbani kulikuwa na kompyuta ya mezani, ya zamani, aliyoachiwa na mjukuu wake Denis alipohamia kazini Dodoma. Tangu wiki iliyopita kioo kilikuwa kikionyesha mistari ya kijani, kisha kinazimika na kuwa cheusi, ilhali feni ndani ya sanduku inaendelea kunguruma. Na humo ndani mlikuwa na picha alizopiga Denis za mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, kila isale, mmea wa mpaka, likionekana pale lilipopandwa na babu. Msimu wa mvua uliopita jirani aliyahamisha masale manne, hatua tatu ndani ya shamba la Bibi. Ijumaa baraza la ardhi la kata lingekaa. Bila picha zile, mistari mitatu ya migomba, pamoja na kaburi la marehemu mumewe, vingekuwa mali ya jirani.

"Ijumaa hii?" Rodrick aliuliza kwa huzuni, huku moyo wake ukipiga vigelegele. Mgonjwa mwenye tarehe ndiye mgonjwa anayelipa.

Siku ya Jumatatu alipanda Machame. Alilifungua sanduku la kompyuta, na vumbi lililotoka humo lingetosha kuotesha mchicha. Akachomoa kadi ya picha, kile kibao chenye feni kinachopeleka picha kwenye kioo, akakigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Imeungua, Bibi. Pole sana."

"Mbona hainuki moshi?"

"Hizi huungua kwa ndani. Kimya kimya. Nitakutafutia mpya, kuna mtu wangu analeta mizigo kutoka Dubai."

Kwamba diski yenye picha ingeweza kuchomolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine yoyote kwa robo saa, Rodrick hakuona haja ya kumchosha mama mtu mzima kwa mambo ya kitaalamu.

Bibi alimwandalia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, akammiminia chai kutoka birika kubwa. Rodrick alikula kama mtu aliyetumwa na njaa ya watu wawili. Aliona kwamba birika lilikuwa na nukta nyekundu chini ya kitako, na kikombe vilevile, akasifu moyoni umaridadi wa wanawake wa Machame. Alipoiweka kadi mfukoni na kuaga, Bibi alisimama mlangoni.

"Injinia, katika nyumba hii kitu hakitoki bila kitu kubaki. Sufuria yangu ikienda msibani, huacha ya mwenzake hapa."

"Lakini hii ni kadi mbovu, Bibi!"

"Basi niachie kitu kibovu."

Rodrick hakuwa na kingine ila kompyuta yake ya mkononi. Alicheka, akaiacha. Siku mbili tu. Tena mteja mwenye rehani mkononi hulala bila wasiwasi.

Mjini aliijaribu ile kadi kwenye kompyuta ya mteja mwingine. Kioo kilitoa mistari. Akachukua raba ya kufutia penseli, akasugua meno ya dhahabu yanayoingia kwenye mashine hadi yakang'aa, akapuliza vumbi la feni, akaichomeka tena kwa kuikandamiza mpaka ikalia *ka!* Picha ikatokea, safi kama maji ya mfereji wa asubuhi. Ugonjwa wote ulikuwa uchafu na ulegevu.

Hapo ndipo mtu mwadilifu angepanda Machame na kusema, "Bibi, nimesugua, nipe nauli." Rodrick aliwaza zaidi ya hapo. Kumuuzia mtu kadi ya mwingine ni biashara ya kawaida. Kumuuzia kadi yake mwenyewe kulihitaji kipaji. Akaitafutia boksi la fedha linalong'aa na mfuko wa plastiki. Nyuma ya kadi, karibu na bati, aliona nukta nyekundu. Aliitazama kwa kitambo, akaridhika kwamba ni muhuri wa kiwanda, akaipiga kitambaa ing'ae zaidi.

Jumatano alimkuta Bibi Ndelilio ameketi na Mzee Yoramu, balozi wa nyumba kumi, aliyeitwa kushuhudia picha kabla ya Ijumaa.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Bibi. Mzigo umefika!" Rodrick alifungua boksi kwa taratibu za ibada. "Mpya kabisa. Haijaguswa na mkono wa mtu tangu itoke kiwandani."

"Nitajuaje ni mpya?" Bibi aliuliza.

"Swali zuri! Tazama nyuma. Hii nukta nyekundu ndiyo alama ya ubora. Zisizo na nukta ni feki."

Bibi aliigeuza kadi kama ageuzavyo chungu kilichorudi harusini. Kisha akasema kwa upole, "Ichomeke kwanza, mwanangu."

Rodrick akaichomeka. Kioo kikawaka. Masale yakaonekana, moja baada ya jingine, na nyuma yake kaburi jeupe, ndani ya mpaka. Bibi alifuta jicho kwa pindo la kanga.

"Mzee Yoramu," akasema, "pindua kikombe chako."

Mzee akapindua. Nukta nyekundu.

"Na kigoda ulichokalia."

Nukta nyekundu.

"Na yule jogoo pale mlangoni, mtazame ukucha."

Jogoo naye, kwa heshima zote, alikuwa amepakwa.

"Kompyuta hii," Bibi aliendelea, "watu waliiazima kila harusi waangalie video. Nikaona, kinachotoka na sufuria kiwekewe alama kama sufuria. Nilipaka rangi ya kucha kila kinachochomoka humo ndani. Sikujua kwamba nimefungua kiwanda Dubai."

Mzee Yoramu alicheka mpaka bakora ikamponyoka. Alipoiokota hakuwa akicheka tena. "Kijana, nimwite mgambo?"

Rodrick alikuwa amelelewa mjini, lakini mama yake alitoka Kirua Vunjo, na mtoto wa mama kama huyo hakosi silaha ya mwisho. Alichomoka mlangoni, akachuma jani la isale, akalifunga fundo, akarudi na kupiga magoti, amelishika kwa mikono miwili. Kule mlimani, anayeletewa jani hilo hakatai kusamehe. Hata mashetani wa ukoo hulijua hilo.

Bibi alilitazama jani, akamtazama mwenye jani. "Mjanja wewe," alisema. "Haya. Nimekusamehe."

"Asante, Bibi! Sasa naomba kompyuta yangu niwahi mjini."

Bibi aliingia ndani, akaileta, akampa Mzee Yoramu. "Pindua, Mzee."

Mzee akapindua. Nukta nyekundu, mbichi bado.

"Bibi! Hiyo ni yangu! Umenisamehe!"

"Kosa nimesamehe. Hii ni habari nyingine. Umesema mwenyewe mbele ya balozi: isiyo na nukta ni feki. Hii ina nukta, basi ni ya nyumba hii, mpaka uibebe kompyuta yangu hadi barazani Ijumaa."

"Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu," Mzee Yoramu alithibitisha kwa uzito wa hakimu.

Hivyo Ijumaa, wanakijiji walimwona injinia wa mifumo akipandisha kilima na sanduku la kompyuta kichwani, kioo kikifuata kwenye toroli. Aliiwasha mbele ya baraza, akaonyesha picha na tarehe zake, akajibu maswali kwa unyofu ulioishangaza hata nafsi yake. Jioni ile masale manne yalirudi kwao, na Bibi Ndelilio akaenda kusimama kidogo kando ya kaburi, peke yake.

Kisha akamrudishia Rodrick kompyuta yake, akaifuta ile nukta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, na kwa kuwa mgeni hatoki Machame mikono mitupu, akampa sufuria ya kiburu ya kula njiani.

Rodrick aliimaliza akiwa Moshi, akicheka kwamba walau tumbo limepata faida. Akaipindua sufuria aioshe.

Chini ya kitako kulikuwa na nukta nyekundu. Sufuria ilipaswa kurudi. Tena alikumbuka, sasa kwa uchungu, kwamba pale sebuleni kwa Bibi kulikuwa na redio mbili na feni ya mezani, zote mbovu, zimepangwa ukutani zikimsubiri injinia.