Mwezi wa Pumwani Ulivyopigwa Picha

Jumapili, 28 Aprili 1957

Ramadhani ishirini na saba. Nimeamua! Mwaka huu mwezi wa Idi nitautangaza mimi, si Haji Saad muuza kahawa. Kila mwaka ni yeye. Anasimama nje ya msikiti, anakodoa macho, ananyoosha kidole, na Pumwani nzima inampa mkono. Mimi mwenye studio ya picha siulizwi kitu. Nimenunua darubini kuukuu kwa Abdiqadir wa Eastleigh, nikaifunga kamera nyuma yake kwa mpira wa baiskeli. Picha haina ubishi.

Jumatatu, 29 Aprili

Kulenga ndiyo kazi. Nazungusha bomba, ukungu. Nazungusha tena, ukungu mwingine. Mwishowe nikalenga ule mwezi wa bati ulio juu ya mnara wa msikiti wetu. Ukakaa wazi kabisa! Nikatia alama kwenye bomba kwa wanja wa mke wangu, Muhiba. Amenuna.

Jumanne, 30 Aprili

Nimeuona! Magharibi imeingia, mawingu tele, Haji Saad anakodoa bure. Mimi uani napeleka darubini huku na huku, mara mwezi huo! Mwembamba, mkali. Nikapiga. Nikasafisha picha mbio, nikaifikisha msikitini ingali mbichi. Imamu akauliza kama nimeuona kwa jicho langu. Nikaapa. Jicho si lilikuwa kwenye darubini? Akauliza doa jeusi lililo juu ya mwezi ni nini. Nikasema ni mlima. Akaamua tungoje habari za mitaa mingine. Wivu mtupu! Ila mama mkwe wangu, Bi Mwanasiti, amesema mkwewe akiapa inatosha. Kesho hafungi.

Jumatano, 1 Mei

Natamani ardhi inimeze. Asubuhi nimeikuza picha niitundike studio. Muhiba akaitazama, akauliza tangu lini kunguru wanatua mwezini. Ule mlima una mdomo! Na chini ya mwezi kuna nguzo. Nguzo ya mnara wetu.

Bi Mwanasiti alikuwa kwenye chapati ya pili. Miaka sitini hajaacha saumu kwa makusudi. Nilipomweleza aliweka kikombe chini, akaenda kusukutua mdomo. Hakunitukana. Heri angenitukana. Nimejificha stoo mchana kutwa kwa aibu.

Jioni mwezi umeonekana na kila mtu, hadi Makongeni. Haji Saad ndiye wa kwanza.

Alhamisi, 2 Mei

Idi. Haji Saad amenikumbatia mbele ya watu, akaniuliza hali ya kunguru wangu. Bi Mwanasiti amenitumia sahani ya pilau na salamu.

Lakini nimefikiri sana. Darubini haina kosa. Kosa ni la ule mnara wetu, mfupi, na umejaa ndege. Idi Kubwa haiko mbali. Eastleigh nimeona mnara mrefu zaidi, mwezi wake mpya unang'aa. Safari hii nitalenga ule.