Mfuko wa Kulia

Mtu aliyeitwa Pasi alikuwa na koti moja tu, na kwa koti hilo moja alikula vya watu miaka sita. Jina alipewa mtaani kwa ajili ya suruali yake, iliyosimama mistari utadhani itamkata mtu. Hawakujua kwamba suruali hiyo hulazwa chini ya godoro na mwenyewe akalala juu yake bila kujigeuza. Shati lake lilikuwa kola na kifua; mgongo ulikwisha zamani. Soksi zilianzia kifundoni kwenda juu, chini ilikuwa ngozi aliyozaliwa nayo. Na ile leso nyekundu iliyochungulia mfukoni ilikuwa pembe ya pazia, imeshikizwa kwa pini. Umaridadi wa bei nafuu, bwana! Ukimwona kwa mbele, waziri. Ukimvua, Mungu amsitiri.

Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni katika ofisi moja kubwa. Hakuwa na shida na mtu pale, alipenda tu mahali penye feni na maneno ya bure. Karani mkuu akapita na mafaili, akasimama, akamkazia macho kifuani.

"Samahani, bwana. Mbona mfuko wako wa leso uko kulia?"

Mwenye haya angetamani ardhi ipasuke immeze. Koti lile lilikuwa limepauka, na shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, alikuwa amelifumua lote, akautoa nje upande wa ndani ambao haujaona jua, akalishona upya. Koti likigeuzwa hivyo hung'aa kama jipya. Lakini kuna kitu hakifichiki: mfuko wa kushoto huhamia kulia. Ni alama ya mtu asiye na koti la pili.

Pasi akayatazama macho ya karani. Hayakuwa yakicheka. Yalikuwa na wasiwasi. Kumbe huyu hajui, Pasi akajiambia, tena anaogopa nisijue kwamba hajui.

"Ahaa, umeuona!" akasema, akajinyoosha. "Una jicho, mkubwa. Mji mzima huu, wewe ndiye wa kwanza."

"Niliuona tangu unaingia," karani akasema haraka.

"Basi huna la kuambiwa. Mkono wa kulia ni wa kusaini. Leso inashikwa na wa kushoto, kwa hiyo mfuko unakaa kulia. Mfuko wa kushoto wamebaki nao wapokea amri. Mkurugenzi wenu mpya, huyo anayekuja mwisho wa mwezi, yeye anavaa wapi?" Habari za mkurugenzi alikuwa amezisikia palepale benchini.

Karani mkuu hakuwahi kumwona mkurugenzi huyo hata kwa picha. Akakohoa.

"Kulia," akasema. "Kulia kabisa."

Haya sasa! Uongo haujamaliza kutungwa, umeshapata shahidi.

"Tatizo ni bei," Pasi akaendelea, akipunguza sauti. "Koti jipya la mfuko wa kulia, mshahara wa miezi mitatu. Lakini yupo fundi mmoja anayeweza kuhamisha mfuko wa koti lako lilelile kwa bei ya kiatu tu. Hapokei watu ovyo."

Kufika saa ya chakula, ofisi nzima ilikuwa imeshapata habari, na kila mmoja alidai aliijua toka mwaka jana. Mwisho wa wiki makoti kumi na moja yalikuwa yameahidiwa. Hayakuwa makoti ya mchezo. Yalikuwa makoti ya harusi, yaliyonunuliwa kwa mkopo na kutunzwa kwenye nailoni. Yalipoletwa, Pasi aliyapapasa moja moja. Ujira wa kugeuza ulikuwa chambo tu. Yeye alitaka makoti yenyewe, ayapeleke mji wa pili, ayauze, asionekane tena.

Mtu mmoja tu alimsumbua: mhasibu, mtu mwembamba asiyecheka. "Sisi tunakuachia makoti," akasema. "Wewe unatuachia nini?"

Pasi hakufikiri hata dakika. Akaomba karatasi, akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba makoti yasiporudi kufikia Jumamosi kabla ya mkurugenzi kuja, wachukue cherehani ya shangazi yake. Akatia sahihi. Ile cherehani ndiyo iliyomlisha, ikamvisha, ikamlipia shule aliyoitoroka. Firauni ana nafuu.

Shangazi alifanyia kazi sebuleni, penye dirisha, vipande vya chaki vikiwa vimetapakaa kwenye sakafu. Aliliinua koti la karani mkuu, akaligeuza huku na huku.

"Mbona hili zima? Koti hugeuzwa likichoka."

"Wewe geuza tu, shangazi."

"Nikigeuza, limeharibika thamani. Una hakika?"

"Yote kumi na moja. Wenyewe wanapita hapa kila jioni kuchungulia, wasipouona mfuko wa kulia watayachukua."

Shangazi akamtazama juu ya miwani. Alimjua huyu mtoto tangu anaiba sukari na kumsingizia paka. "Wewe ndiye bwana mitindo," akasema, akachukua wembe, akaanza kufumua.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, Pasi alipakia makoti yote kwenye mifuko miwili.

"Nayapeleka kwa dobi yakapigwe pasi."

"Yote?"

"Yote."

"Haya. Usichelewe kurudi." Shangazi alikuwa uani anafuta vumbi kwenye mabenchi. Pasi hakujiuliza mabenchi ya nini. Mwizi akikimbia hana muda wa kuuliza.

Mji wa pili alifika kabla ya adhuhuri. Mfanyabiashara wa nguo kuukuu, mzee mwenye vidole virefu, alilitandaza koti la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akaacha.

"Pole, mwanangu," akasema. "Huko kwenu hali mbaya kiasi hicho?"

"Hali mbaya vipi? Hayo ni makoti ya wakubwa!"

"Yamegeuzwa yote. Mfuko kulia, vifungo upande wa kike kama vya blauzi. Mwenye koti hili hana jingine, na hili limechoka."

"Mzee, hiyo ndiyo mitindo mipya!"

"Mitindo ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Basi kauze kwenu." Mzee akavuta pumzi kwa pua. "Ukitaka, mafundi magari watakupa kidogo. Yanafaa kufutia grisi."

Pasi akazunguka soko zima, jua likimchoma hadi leso ya pazia ikalegea kwenye pini. Kila mchuuzi alitazama mfuko, akatikisa kichwa. Wa nne alimcheka waziwazi, akamtazama kifuani, akasema, "Kumbe na wewe!" Usiku ule alilala stendi, akitumia utajiri wake kama mto. Kulikuwa na mji mmoja tu duniani ambako makoti yale yalikuwa mali, na alikuwa ameukimbia mwenyewe.

Jumapili akarudi, amejitungia hadithi ndefu kuhusu dobi na umeme. Alisukuma mlango wa uani. Wanaume kumi na mmoja, wamevaa mashati matupu, walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakinywa chai. Cherehani ilikuwa mahali pake. Karatasi yake ilikuwa mkononi mwa mhasibu.

"Tulikuja jana kuchukua mashine," mhasibu akasema. "Mama huyu akatueleza koti la kugeuzwa ni koti gani. Tukataka kukufuata. Akasema turudi leo tukae, tunywe chai, yatarudi yenyewe. Hakuna mji mwingine wenye wajinga wa kuyanunua."

Hakuna aliyecheka. Maneno yaliwagusa wote.

Kesho yake walimpokea mkurugenzi kwa makoti hayohayo, maana hawakuwa na mengine. Mkurugenzi, mfuko wake uko kushoto kama wa binadamu wote, alishangaa kuona watumishi kumi na mmoja wamekumbatia mafaili kifuani, upande wa kulia, na hakuna anayetaka kuyaweka chini. Karani mkuu alipeana naye mkono wa kushoto.

Jumanne makoti yote yalirudi kwa shangazi, yageuzwe kama zamani. Safari hii bei alipanga yeye, mara mbili, na walilipa bila kupumua ili asiseme mtaani. Kufumua alifumua Pasi. Alikaa sakafuni na wembe toka asubuhi, uzi umemjaa magotini, na mhasibu akipita kila jioni na ile karatasi kuhakikisha yupo.

Koti la kumi na moja lilipoisha, Pasi akavua la kwake. Viwiko vilikuwa vimetoboka, na stendi ilikuwa imemwachia doa la mafuta mgongoni.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya unyonge, ile ya siku za sukari. "Na hili nigeuzie, nipate pa kuanzia."

Shangazi alilipokea, akalitazama nje, akalitazama ndani, akamrudishia.

"Koti lina pande mbili tu, mwanangu," akasema. "Na wewe za kwako zote tumeshaziona."