Maombi ya Frère mwenye hakukufa

Leo nimepata haya na aibu, bamama wangu wa Kipushi. Haya ya kweli. Ninawaandikia mie mwenyewe (munisamehe herufi, masomo niliachia ku mwaka wa pili).

Munajua mujukulu wangu Ngoie, iko ku lycée, masomo ya sekondari. (Ndiyo, ninajisifu. Ni wangu.) Alileta kitabu cha kifaransa. Kila kisha midi, saa sita ikipita, ananisomea, ananigeuzia mu kiswahili, mie ninachagua maharagi. Ni hadisi ya monasteri ya zamani kule Ulaya. Sanduku ya mifupa ya mutakatifu imepotea. Frère, bruda mwenye kuilinda, bamemukuta mu kisima, amekufa. Nani alimutosa? Abati, mukubwa wao? Mupishi? Askofu mwenye alikuya na farasi? Weee! Siku ingine nilipika maharagi na mawe yake, tukakula hivyo.

Jana Ngoie akafunga kitabu pale pale mupishi anafungua kinywa. "Kambo, bibi yangu, kesho." Kesho! Nikaamuka na ule Frère mu kichwa.

Basi leo kulikuwa maombi ya bamama wetu wa huku Ruashi, ku nyumba ya Mama Kalenga. Na kisha, kuchagua mama wa kuongoza. Hiyo kiti nimeitaka miaka! Zamu yangu ikafika. Nikafunga macho, nikatoa sauti:

"Bwana, pokea roho ya Frère! Mutu wa pole. Bamemutosa mu kisima, rozari ingali ku mukono!"

Nikalia. (Machozi ya kweli.)

Nafungua macho: bamama bote wako chini, banapiga kelele. Ku misioni yetu Frère ni mumoja tu, ule wa menuiserie, fundi wa mbao. Na kisima kiko, pale pale ku misioni. Mama Kalenga amefunga kitambaa ku kiuno: "Yoo, Frère wetu! Nani atatutengenezea tena milango?" Jirani yangu akaninongoneza: "Mama, weye unajua kusali. Tunakuchagua weye."

Ningesema ile dakika. Sikusema. (Nitaungama.) Mu roho nikasema: bachague kwanza.

Habakuchagua. Balitoka kwenda ku misioni! Kilio njia yote, mabeseni ya unga wa matanga ku kichwa. Chef wa selile ya Parti, mukubwa wa chama hapa mutaani, akatokea, shati haijafungwa: "Bamama, hii marche, haya maandamano, nani aliwapa ruhusa?"

"Ni kilio!"

Akavua kofia, akatufuata. Mie niko mbele yao bote, ningefanya nini? Tukazunguka kisima, tukainama kuangalia mule ndani.

Sauti nyuma yetu: "Bamama, munatafuta nini?"

Frère. Mwenyewe. Na vumbi ya mbao ku ndevu.

Mumoja akaachilia beseni. Mwingine akakimbia mpaka ku njia ya mine, kule mugodini. Mama Kalenga akanigeukia pole pole.

"Frère yako alikufa wapi?"

"Mu kitabu."

"Kitabu gani? Biblia?"

"Ya Ngoie."

Frère alicheka mpaka akakaa chini. "Na nani aliniua, mama?"

"Hatujafika pale, Frère."

Chef wa selile akarudisha kofia ku kichwa, akaenda bila kuaga.

Bakamuchagua Mama Kalenga, pale pale ku kisima. Maombi yake ya kwanza alisalia roho yangu mie sawa marehemu, niko nasimama, muzima, ninasikia. Na bote bakaitika amina kwa nguvu sijasikia tangu Pasaka.

Musicheke. Hata mukiwa kule Kipushi nitawasikia.