Kamera ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa chumba cha dharura katangaza: Ijumaa atachagua kifaa cha kuwawekea majeruhi mpira wa kupumulia. Ama changu, cha chuma chenye taa ndogo, unachungulia koo kwa jicho lako mwenyewe. Ama cha shemeji, chenye kamera na skrini. Mshindi atakuwa mkufunzi wa kitengo. Cheo hicho nakitaka mpaka nakiota. Nishindwe na mdogo wa mke wangu? Thubutu! Nilianza kazi hii yeye bado anavaa sare za shule.

Jumanne, 4 Machi
Tutapimwa kwa mdoli wa mafunzo. Mchana nimejifungia naye stoo. Shingo ngumu! Nikaitia mafuta ya kupikia kutoka nyumbani mpaka kichwa kikawa kinalala nyuma chenyewe. Koo lote peupe. Mpira ukaingia kila nilipojaribu. Mimi ni fundi! Mke wangu anauliza mafuta yamekwenda wapi. Nimemwambia ni siri ya serikali.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mkuu kamfunga mdoli kola ya shingo. Ati majeruhi wa ajali hakunjwi shingo mpaka ijulikane haijavunjika. Kana kwamba sijui! (Nilisahau.) Nikachungulia, nikaona ulimi tu. Nikasukuma hivyo hivyo. Mpira ukaingia njia ya chakula, likavimba tumbo badala ya mapafu. Shemeji akaweka chake, koo likatokea kwenye skrini, wauguzi wakapiga makofi. Akaniuliza kwa heshima zote kama nahitaji miwani. Nilipofika nyumbani dada yake alikuwa keshapata habari.

Alhamisi, 6 Machi
Ajali ya pikipiki. Dereva kaletwa mdomo umejaa damu, pumzi zinakata. Shemeji akaingiza kamera. Damu ikaifunika, skrini nyekundu tupu. Nikafurahi. Kisha nikaona midomo ya mgonjwa inabadilika rangi, furaha ikaniisha. Shemeji akaniambia nije na changu, haraka. Muuguzi akashika shingo isitikisike, shemeji akafyonza damu na kunibonyezea koo la mgonjwa kwa nje, nikaona upenyo kidogo, mpira ukapita. Kifua kikapanda! Nilitaka kulia. Nimelia.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kaamua: kamera itangulie, chuma changu kikae tayari pembeni, na tufundishe wote wawili. Wote wawili! Nikaenda wodini kutafuta wa kunisifia. Mgonjwa keshatolewa mpira, sauti inakwaruza. Akauliza ni nani aliyemwekea. Nikajitokeza, kifua mbele. Akasema vizuri, basi nimweleze jino lake la mbele liko wapi. Nikasema aliyeweka ni shemeji. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu.

Kesho nitarudi shemeji akiwa hayupo, nimshawishi mgonjwa kwamba alikuja bila hilo jino.