Ngamia Sifuri, Watu Ishirini na Watatu

Watu wa Garissa, siku moja mtaniua kwa kicheko au mtaniua kwa hasira. Jumatano iliyopita mlikaribia kufanya yote mawili kabla ya chakula cha mchana.

Mimi ni Weris, mwenye kibanda cha chai kando ya soko la mifugo. Hapa kwangu panaitwa Chupa Mbili, kwa ajili ya chupa zangu za chai: moja ya maziwa ya ngamia, nyingine ya strungi, chai isiyo na maziwa, kwa wenye matatizo ya tumbo na ya mfuko. Benchi ni mbao juu ya madumu. Kila anayekaa hapo ana jina alilopewa na mama yake na jina nililompa mimi. Tunaongea Kiswahili, maana Msomali na Mborana wakigombana lazima watafute uwanja wa katikati.

Dekow nilimpa jina la Bwana Sina. Ukimwomba kiberiti, sina. Ukimwomba nafasi kwenye benchi, sina. Ana ngamia huko porini, na maziwa yao ndiyo yanayojaza chupa yangu, lakini ukimuuliza ni wangapi atakuambia, "Mimi sina, ni wa Mungu." Hata shemeji yake wa Buna, mbali huko kaskazini, aliyemwoa dada yake, ukame ulipomlia mifugo yote aliomba aazimwe ngamia mmoja tu wa kukamua, watoto wapate maziwa. Kwetu hilo halikataliwi. Bwana Sina akamjibu kwa simu hapa hapa, nikisikia kwa masikio yangu: "Shemeji, sina."

Kando yake siku hiyo alikaa Elema, dalali wa mbuzi kutoka Wajir, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Ndipo akaja Abdisamad, kijana mwenye diploma na laptop, anayekusanya takwimu za mradi wa mifugo. Huyo hawezi kusema "wengi" akaridhika, mpaka akupe asilimia. Basi jina lake ni hilo, Asilimia.

"Asalaam aleikum, wazee. Kuna habari mbaya. Madaktari wa ngamia hawaji Garissa."

Kikombe cha Bwana Sina kikasimama njiani. "Hawaji namna gani? Si ilitangazwa wanakuja na chanjo na dawa ya kikohozi?"

"Ilitangazwa. Lakini ule mradi wa Kwato Salama umeangalia ripoti kwanza. Mnakumbuka yale maswali mliyojaza kwa simu mwezi jana? Majibu yamejumlishwa. Ripoti inasema kata yetu haina ngamia."

Wakati huo huo msururu wa ngamia ulikuwa unapita nyuma yake kuingia sokoni. Mmoja akarefusha shingo juu ya laptop kana kwamba anataka kuhakikisha.

"Waryaa, wewe kijana, geuka nyuma!" nikamwambia.

"Nawaona, eedo," akasema, maana huniita shangazi kwa Kisomali. "Lakini hawa hawako kwenye data."

"Na jina lenyewe, Kwato Salama," Redio akadakia. "Ngamia ana kwato? Ngamia ana nyayo laini, anatembea kama tajiri kwenye zulia. Watu wasiojua miguu yake watajua mapafu yake?"

Asilimia akageuza kreti ya soda, akaiweka laptop juu yake, akaifungua. Likatokea duara kubwa la rangi.

"Hii ni chapati," akasema Bwana Sina.

"Ni mchoro, adeer," akasema Asilimia, akimwita ami kwa heshima. "Lakini haya, tuseme chapati. Chapati nzima ni kata yetu. Hiki kipande chekundu ni nyumba zilizosema zina ngamia."

"Hicho si kipande," nikasema. "Huo ni unywele umeangukia kwenye chapati."

"Na hii ya buluu yote?" akauliza Redio.

"Nyumba zisizo na mfugo wowote. Na hizi nguzo hapa chini ni watu wanaoishi kila nyumba. Wastani, watu kumi na tisa."

Redio akajipiga goti. "Watu kumi na tisa, mifugo hakuna! Tunakula nini, mchanga?"

"Ndivyo mradi ulivyojiuliza. Wamewahurumia sana. Badala ya chanjo wanawaletea vifaranga. Wawili kwa kila nyumba, na mafunzo ya siku tatu hotelini."

"Vifaranga?" Bwana Sina akasimama wima. "Mimi, Dekow, nishike kifaranga? Nikipita nacho hapo sokoni marehemu baba yangu atatoka kaburini aniulize nimekosa nini. Badilisha hiyo kitu! Si wewe umesoma?"

"Adeer, ninachoweza kubadilisha ni sura. Ukitaka chapati iwe nguzo, inakuwa nguzo. Ukitaka wanawake peke yao, nawachuja wanabaki wanawake. Nyekundu naweza kufanya kijani. Lakini unga ni ule ule mlioleta nyinyi."

"Weka kijani," akasema Redio. "Kijani ina baraka."

Akaweka. Tukainama wote kuangalia. Ulikuwa unywele wa kijani.

Bwana Sina akaanza kutembea mbele na nyuma, shuka linaburuta vumbi. "Kuna waongo hapa. Mtu ana ngamia mpaka porini hakupitiki, halafu anaandika hana, sisi wengine tunaletewa kuku! Weka majina hapo. Tuwajue!"

"Majina huwa tunaficha, adeer. Watu waliahidiwa."

"Anayeficha jina lake ana jambo. Mimi sina siri. Weka!"

"Weka!" Redio akaunga mkono. "Mbivu na mbichi zijulikane leo."

Kijana wa watu akaniangalia mimi kama anayetafuta mlango wa kutokea. Mimi nikamimina chai. Mwenye kibanda hazuii sinema. Akashusha pumzi, akatia tiki mahali palipoandikwa Onyesha majina.

"Na uitume kwa kila mtu aliyejaza," akaamuru Bwana Sina. "Grupu zote za mradi, mpaka Buna. Wote wawaone waongo wa Garissa."

"Lakini elewa kwanza, adeer. Hii si karatasi, ni kiungo. Mtu akibadilisha jibu lake hapa, kule Buna linabadilika papo hapo, na kila mwenye kiungo anaona."

"Tuma, wacha hotuba."

Akatuma. Kisha akaanza kusoma majina, na wa kwanza, Mungu hamfichi mtu, akawa Elema. Mbuzi: wawili.

Bwana Sina alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye sahani ya mahamri. "Wawili! Redio, na hao uliowafunga kwenye nguzo ya Weris tangu asubuhi, wanaokula magunia yake, ni paka?"

"Hao ni wa kuuza," akajibu Redio bila haya. "Mbuzi wa kuuza si mbuzi, ni biashara. Wangeuliza biashara ningesema."

"Anayefuata," akasema Asilimia, na sauti yake ikapungua. "Dekow. Ngamia, sifuri. Watu nyumbani, ishirini na watatu."

Hata mbuzi waliacha kula magunia.

"Ishirini na watatu!" Redio akafunguka. "Nyumbani kwako tunamjua Rukiyo, watoto wanne na wewe mwenyewe. Hao wengine umewaweka wapi, juu ya paa?"

"Nilidhani ni chakula cha msaada," akanung'unika Bwana Sina. "Swali la watu likiulizwa, nyuma yake kuna gunia. Nani hajui?"

"Na hiyo sifuri ya ngamia?" akauliza Redio.

Bwana Sina akakaa. Akavuta shuka mabegani, akasema polepole, "Mali hai haihesabiwi mbele ya watu. Ukitaja idadi, jicho la hasidi linaingia na baraka inatoka. Babu yangu hakutaja. Baba yangu hakutaja. Mimi nitaje kwa simu?"

"Si jicho limeingia hata hivyo?" nikamwambia. "Gududo anakohoa."

Hapo hakucheka mtu. Gududo ni ngamia wake mwekundu, mama wa nusu ya kundi lile. Amekohoa wiki nzima, mpaka anapiga magoti, na ndama wake anavuta chuchu hapati kitu. Dumu la maziwa lililokuwa likinifikia limejaa sasa linafika nusu, na mwanamume anayelileta anasema ngamia wengine nao wameanza kukohoa. Mimi niliogopa, sifichi. Ngamia wale wakienda, chupa yangu imeenda, na Chupa Mbili inabaki ya strungi na umbea. Lakini uso wa Bwana Sina ulikuwa na kitu kingine. Yule mzee anampenda yule ngamia kuliko anavyotupenda sisi sote.

"Bado tunaweza kurekebisha?" akauliza.

"Mfumo unafungwa leo kwa adhana ya adhuhuri. Kila mtu arekebishe jibu lake kwa simu yake. Mradi ukiona idadi, unarudisha madaktari. Ni hivyo tu, adeer."

"Redio, anza wewe," akasema Bwana Sina.

"Mimi? Mkubwa huanza."

"Nenda kwanza, nitakufuata."

"Wallahi nakuheshimu, tangulia."

Heshima gani ile! Walitangulizana mpaka nikahisi damu inanipanda kichwani. Nikachukua vikombe vyao vyote viwili vikiwa na chai ndani, nikavimwaga chini. Nikafunga chupa zote kwa nguvu.

"Sikilizeni, nyinyi. Mlipoulizwa mko wangapi mkajitia kijiji kizima. Mlipoulizwa mna nini mkawa mafukara. Mgonjwa akimficha daktari kidonda, kilio ndicho kitakachomuumbua. Hakuna chai hapa mpaka mtu aandike ukweli. Na wewe, Dekow, mwenye jicho anayekutisha mimi simjui, lakini kikohozi nimekisikia!"

Bwana Sina akatoa simu. Akatugeuzia mgongo, akajifunika shuka yeye na simu yake, tukasikia "Bismillahi" mara tatu, halafu kidole kikigonga. Alipotoka humo ndani jasho lilikuwa linamtiririka.

Ule unywele wa kijani ukafumuka, ukawa kipande cha chapati ambacho mtoto angeshiba. Idadi siwaambii. Mimi nami naogopa jicho. Nitasema tu kwamba Redio alikaa kimya, na hilo halijawahi kutokea. Kisha naye akaingia chini ya shuka la mwenzake na simu yake.

"Na wale watu ishirini na watatu, adeer?" akauliza Asilimia. "Tuwapunguze?"

"Wacha hiyo. Jibu moja la kweli kwa siku linatosha."

Basi kilichofuata sijawahi kuona. Kila mwenye kiungo aliona jina la Dekow limetoka kwenye sifuri, na mji mzima ukajiambia, kama Bwana Sina anao, mimi ninaficha nini? Kijani kikasogea. Kikala buluu kidogo kidogo, kikafika robo, kikapita robo. Adhana ilipolia, chapati nusu yake ilikuwa ngamia, na Asilimia anaruka kama amefunga bao. Simu yake ikalia. Alikuwa mkubwa wake.

"Wanakuja!" akapiga kelele. "Jumamosi asubuhi, madaktari, chanjo na dawa!"

Bwana Sina akajifuta macho kwa pembe ya shuka. "Gududo atapona, inshallah," akasema. Nikafungua chupa nikamjazia kikombe mpaka juu. Alikuwa amestahili.

Hakuwahi kukinywa. Simu yake ikaita. Simu ile haisikiki sikioni tangu ianguke kisimani, kwa hivyo akiongea anaweka sauti ya nje na soko zima linashiriki.

"Shemeji Dekow! Mashallah!"

Alikuwa Abdisalam, yule shemeji wa Buna. Bwana Sina akawa kama amemwagiwa maji.

"Shemeji," akajibu kwa shida.

"Mashallah, mashallah. Nimeiona ripoti. Nimeangalia mara mbili, nikampa dada yako naye akaangalia. Amelia kwa furaha. Anasema kumbe Mungu amekufungulia hivyo, na hukutaka tu kutuchosha kwa habari."

Bwana Sina akamgeukia Asilimia, mkono wake unafanya ishara ya kufuta, futa, futa. Asilimia akaonyesha upande wa msikiti. Mfumo ulikuwa umefungwa.

"Shemeji, unajua hao ngamia si wangu. Ni wa Mungu."

"Amin. Ndiyo maana sikupigi kukuomba ngamia."

Mzee akapumua. Redio akapumua pia, kwa kumsindikiza.

"Ni ile sehemu nyingine iliyonitia wasiwasi," Abdisalam akaendelea kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto. "Umeandika nyumbani kwako mko ishirini na watatu. Mimi najua mko sita. Nimeogopa kwa ajili yako, shemeji. Uongo ulioandikwa, ukawekewa jina, ukatumwa mpaka Buna, ni mzigo mzito siku ya hesabu. Sasa sisi hapa kwangu, na mama yangu na wajukuu wake, ni kumi na saba. Nimejumlisha. Inatimia kamili! Kesho tunapanda gari. Jumamosi tuko hapo, tutakushikia ngamia wakichanjwa, na watoto watakunywa maziwa wakikuombea dua."

Simu ikakatika. Nilicheka mpaka nikashika nguzo, mbuzi wa Redio wakashtuka, na ndani ya kicheko kile nilifurahi kweli. Watoto wale walikuwa wamekaa na strungi muda mrefu.

Bwana Sina hakutuangalia. Alimsogelea Asilimia, akamshika bega, akanong'ona kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

"Kijana, yale mafunzo ya kuku, ya siku tatu hotelini. Jumamosi yatakuwa yameanza?"

"Yatakuwa yameanza, adeer. Lakini yale ni ya watu wasio na mifugo."

Bwana Sina akafungua mdomo kusema lile neno lake, akaitazama laptop, akaufunga.