Maharage Juu ya Impala

Jumanne, 2 Machi 1993

Nimefanya. Mikono inatetemeka, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Asubuhi Faruk, kijana wa Mzee Huseni mwenye duka na malori mjini, ameondoka na Madoa, mtamba wetu. Mchana lori limerudi hapa kijijini Mollo likivuta Impala. Shevrole Impala ya mwaka sitini na nne. Silinda nane. Taa sita nyuma, tatu kila upande, nyekundu kama ushanga. Mzee Huseni alisema siku hizi ruhusa imefunguliwa, kila mtu anaagiza gari la Japani, na hili dude linamlia nafasi uani. Dude. Nikameza jibu, ni mtu mzima.

Tatizo: Madoa si wangu wa kubadilishana. Masanja, mume wangu, alimtenga siku Isdori alipozaliwa, ili mtoto aje anywe maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Masanja ni Msukuma. Atakusamehe mengi, lakini si ng'ombe. Yuko bondeni Kaoze na mifugo mpaka Pasaka. Akijua, nitarudi kwa baba, kijijini Mwimbi, na mtoto mgongoni. Au bila mtoto. Hilo sikutaka hata kuliandika.

Mama mkwe alikuwa mashineni, anasaga. Mimi na Faruk tumelisukuma gari likateremka lenyewe kwenye shimo la zamani la tofali nyuma ya nyumba. Nimelifunika turubai. Kuhusu Madoa nimemwambia mama mkwe yuko mjini, kapelekwa kwa dume la kisasa.

Jumatano, 3 Machi

Upepo wa Ufipa hautunzi siri. Alfajiri turubai lilikuwa kwenye ua wa jirani yangu Bertha, na paa la Impala linawaka jua kama sahani.

Nikapata akili. Mwezi huu kila Mfipa anatengeneza matuta. Unakata nyasi, unazirundika duara, unazifukia kwa udongo, zinaoza, mwakani unatawanya unapanda ulezi. Nani atashangaa tuta?

Nimefunga mtoto mgongoni, nimelirudisha turubai, nimekata nyasi mpaka viganja vimechubuka. Nyasi zilipokwishafunika paa, Bertha akatokea na jembe bila kuitwa. Ndivyo tulivyo, huwezi kumfukuza mtu aliyekuja kukusaidia. Nikampa upande wa mlimani, mimi nikabaki upande wa bampa. Kila jembe lake liliposhuka nilitega sikio, lisije likalia bati. Akasema mama Isdori, una mtoto mmoja na unalima kama unalisha jeshi. Nikacheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi.

Ijumaa, 5 Machi

Nimeacha tundu upande wa mlango wa dereva, nimeliziba kwa mganda wa nyasi. Naingia mama mkwe akienda kisimani. Ndani giza, joto, harufu ya ngozi ya viti. Nashika usukani kwa mkono mmoja, mkono mwingine umemshika Isdori ananyonya.

Nilipokuwa mdogo baba aliosha gari kama hili la mkandarasi wa barabara, mimi nikishika ndoo. Siku moja yule mkandarasi aliliwasha nikiwa nimeegemea boneti. Ule mngurumo uliniingia tumboni na haujatoka.

Nimelala humo kidogo. Tangu mtoto azaliwe sijalala vizuri hivyo.

Jumatatu, 8 Machi

Mama mkwe, Bi Kabula, amepanda maharage juu ya tuta. Nilipotoka jikoni ameshamaliza. Hajawahi kulima matuta ya nyasi, kwao tuta ni udongo mtupu, na anasema anataka kujifunza ya huku. Akauliza kama inaruhusiwa kufukua kidogo kuona nyasi zinavyooza.

Niliona giza. Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba tuta lenye maharage haliguswi mpaka yavunwe. Si mgeni, si mwenye shamba, si nani. Akaitikia kwa heshima kabisa. Nikajisikia vibaya, halafu nikajisikia salama.

Jumamosi, 13 Machi

Si salama.

Isdori anaota meno. Leo tukiwa ndani ya Impala aliniuma, nikapiga ukelele, naye akalia kwa nguvu zake zote. Sikujua mama mkwe yupo juu yetu, anaangalia maharage yaliyochipua.

Nilipochomoza, kandambili yake moja ilikuwa imebaki juu ya tuta. Mwenyewe alikuwa mlangoni kwa Bertha, anahema. Anasema tuta limelia kama mtoto mchanga. Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema chooni. Akanitoa nyasi kichwani.

Ametuma salamu kwa watu wanaoshuka bondeni: Masanja aje haraka, nyumbani kuna jambo.

Jumatano, 17 Machi

Amekuja. Kengele za ng'ombe nilizisikia kutoka mbali.

Kibaya zaidi, mvua ya jana iliosha udongo upande wa chini. Asubuhi bampa lote lilikuwa nje, linang'aa kama kioo cha kinyozi. Nikalifunika kwa nyasi mbichi. Sasa niambie, nani anaficha kitu kwa nyasi siku ng'ombe wanakuja?

Masanja hata hajakaa. Nilikuwa nampa maji, nikimwamkia kwa sauti tamu ambayo siku zote humtia wasiwasi, tukasikia kishindo. Dume lake, Jeshi, lilikuwa limekula nyasi zote, likainua kichwa, likaona dume lingine ndani ya bampa linalitazama kwa dharau.

Lilipiga pembe. La ndani likapiga pia. Likarudi nyuma, likakwaruza ardhi, likaja tena. Masanja akasimama na kikombe mkononi. Akasema taratibu, "Mama Isdori, dume langu linapigana na tuta lako."

Akaenda, akafuta udongo kwa kiganja. Akaziona taa mbili za mbele, kisha nyingine mbili. Hakuuliza gari limetoka wapi. Aliuliza, "Madoa yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilimkumbatia mtoto nikiongea, kama ngao, najua si vizuri. Akasema analifukua hilo bati sasa hivi, linarudi kwa Huseni. Madoa asipopatikana, njia ya Mwimbi naijua mwenyewe, ila mtoto atabaki.

Nikakaa chini palepale kwenye matope.

Ndipo mama mkwe akatokea na kandambili moja mguuni na jembe begani, akasimama mbele ya tuta. Akasema hapafukuliwi kitu. Tuta lenye maharage haliguswi mpaka yavunwe. "Mkeo ndiye kanifundisha. Au mnafundishana uongo humu ndani?"

Masanja hupambana na fisi. Na mama yake, hapana. Amesema kesho tunakwenda mjini.

Alhamisi, 18 Machi

Njia nzima Masanja alitangulia hatua kumi mbele. Nilihesabu nguo zangu kichwani, zipi nitabeba. Nilimnyonyesha Isdori nikitembea, nikawaza nani atajua kwamba hapendi uji wa moto.

Kumbe Bi Sada, mke wa Mzee Huseni, alikuwa anatuombea tufike. Madoa amemtafunia kanga zake tatu kwenye kamba, na ya juzi aliitema nusu. Mzee Huseni akasema mchukueni, mchukueni jamani, gari nitalifuata maharage yakikomaa. Isdori alimkumbatia Madoa mguu akacheka na meno yake mawili.

Tulipofika darajani Masanja akasimama. Akanitaka niape sitafanya biashara ya gari tena maadamu nakula ugali wake. Nikaapa, nikilia. Akambeba mtoto mpaka nyumbani.

Ijumaa, 19 Machi

Nilimaanisha. Namshukuru Mungu, namshukuru mama mkwe.

Ila jana, Masanja akimfunga Madoa kamba, niliona Pijo 404 nyuma ya malori, imefunikwa magunia, ina macho ya kusikitika kabisa. Bi Sada akaninong'oneza niichukue hata kwa mbuzi, mradi apate tena ua wake wa kuanikia.

Nimefikiri usiku kucha. Kosa langu naliona wazi: lilikuwa bampa. La Pijo ni jembamba. Nikilipaka samadi, hakuna dume litakalojiona humo. Masanja anashuka bondeni Jumatatu. Nimeshaanza kukata nyasi, na mama mkwe amefurahi, anachagua mbegu.

Mikono inatetemeka, ndiyo maana mwandiko uko hivi.